Mmechimba Shimo, Mkalijaza Maji

Enyi watu wa Chekalini, na ninyi jirani zetu wa Lumakanda, Kipkarren, Turbo na Webuye, hili ninalolisema hakuna kati yetu asiyelijua. Hakuna atakayesimama siku ya hesabu aseme hakuambiwa. Tunajua hali ya mabwawa ya kuogelea katika hoteli zetu nyingi za kando ya barabara kuu. Tunajua pampu ya kuchuja maji huzimwa katikati ya wiki ili bili ya stima ipungue. Tunajua dawa hutiwa kwa kukisia. Tunajua mwokoaji hayupo; yupo kijana mmoja anayekusanya kiingilio langoni, na kijana huyo huyo ndiye anayebeba kreti za soda, ndiye anayefagia majani, ndiye anayeosha magari ya wateja, na mtoto akizama ndiye atakayeitwa kwa mayowe, ilhali yeye mwenyewe hajui kuogelea. Tunayajua haya yote. Na Krismasi ikifika tunawavalisha watoto nguo mpya, tunapanda matatu, tunawapeleka huko huko, tunalipa.

Tunalipa, kisha tunayapa maji mgongo.

Nendeni mkatazame wenyewe sikukuu yoyote, saa nane mchana, muziki umefunguliwa hadi mwisho na moshi wa nyama choma umetanda. Maji yana ukijani, ukingo unateleza kwa mwani, na ukisimama pale huoni sakafu. Penye kina cha kiuno na penye kina cha kumfunika mtu mzima pana rangi ile ile, wala hapana alama hata moja ya kumwonya mtoto kwamba hatua inayofuata haina chini. Watoto wa kila kimo wamejazana, wengine wakiwa na fulana na kaptura za shule, wengine wameng'ang'ania shingo za wenzao kwa sababu hakuna kingine cha kushika. Boya hakuna. Mti mrefu wa kumfikia anayetapatapa hakuna. Ua wa kumzuia mtoto wa miaka miwili asitoke mezani kwa mamake akafika majini hakuna. Kilichopo ni maandishi ya rangi nyekundu ukutani, yanayosema kwamba anayeogelea hapa anaogelea kwa hatari yake mwenyewe.

Hatari yake? Mtoto wa miaka sita, asiyeweza hata kuyasoma maandishi hayo, mnambebesha yeye hatari mliyoichimba ninyi, mkaijenga kwa saruji, mkaijaza maji, mkaitangaza redioni na kuitoza kiingilio? Nani aliyewadanganya kwamba rangi ya ukutani inafuta wajibu? Sheria ya Kenya, Sura ya 34, inayohusu wajibu wa mwenye mahali kwa wale wanaoingia kwake, imesema wazi kwamba onyo pekee halimwondolei mwenyeji lawama, isipokuwa kama onyo hilo lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye mahali atarajie kwamba watoto hawana tahadhari ya watu wazima. Na kabla ya sheria za Nairobi kulikuwa na Torati, mnayoisoma kila Jumapili. Torati ilimdai fidia mtu aliyefukua shimo asilifunike, akatumbukia ng'ombe wa jirani. Ng'ombe! Ilimwamuru anayejenga nyumba azungushie dari yake ukuta, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mmejenga vyumba vya kulala, mmejenga baa, mmejenga mahali pa mikutano, mmeweka geti la umeme na kamera za kulinda magari.

Gari lina mlinzi. Mtoto hana.

Na usafi tunaojivunia ni upi? Mtu hutoka majini macho mekundu, ngozi inamwasha, akasema kwa furaha kwamba maji ya leo yana dawa, harufu yake ameisikia tangu langoni. Ndugu yangu, hiyo si harufu ya usafi. Maji yaliyotiwa klorini ya kutosha na kutunzwa vizuri hayachomi pua namna hiyo. Kinachochoma ni kloramini, na kloramini huzaliwa klorini inapokutana na mkojo, jasho na uchafu wa miili yetu. Ulichonusa langoni ni mikojo ya watu waliokutangulia. Wenye hoteli wanaona macho ya watoto yanavyowiva, wanawaacha wateja waendelee kuamini kwamba wekundu huo ni ushahidi wa dawa, na sisi tunaamini, kwa kuwa kuamini ni rahisi kuliko kuuliza kipimo.

Kipimo chenyewe hakijafichwa. Klorini iliyo huru majini isipungue miligramu 1 kwa kila lita. pH ya maji ibaki kati ya 7.2 na 7.8, kwa sababu ikipanda zaidi klorini hulegea, ikawamo majini lakini haina nguvu ya kuua. Kifaa cha kupimia kinaenea kiganjani: kichupa, matone machache, rangi inabadilika, unailinganisha na rangi za kwenye kadi, unaandika daftarini. Siku ya watu wengi kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa, kwa kuwa jua letu la mchana huimaliza klorini isiyokingwa ndani ya saa chache tu. Kile kikombe kimoja cha unga kilichomwagwa alfajiri, saa tisa alasiri hakipo tena, na ndiyo saa bwawa limefurika. Katika maji yaliyotunzwa hivyo, bakteria kama E. koli hufa kwa muda usiofika dakika 1, na giadia huhitaji kama dakika 45. Lakini kriptosporidiamu, kijidudu kinacholeta kuhara kwa siku nyingi, huweza kudumu zaidi ya siku 10 katika maji hayo hayo yenye klorini. Ndiyo sababu penye utaratibu mtu anayehara haingii majini kamwe, kila mtu huoga kwanza kwa sabuni, na mtoto akijisaidia bwawani wote hutolewa hadi maji yashughulikiwe. Hapa kwetu kinyesi huopolewa kwa ndoo, ndoo ikawekwa kando, na sauti ya muziki haipunguzwi. Kisha Jumatano zahanati inajaa watoto wanaohara, na tunalaumu maembe.

Tena mnakaa pande za Kakamega, mahali ambapo mvua ya alasiri huja na radi karibu kila inapokuja. Mmeshawahi kuona bwawa la hoteli likifungwa kwa sababu ya ngurumo? Wingu linatanda, umeme unapiga upande wa Nandi, na vijana wanapiga mbizi wakishangilia matone. Mwenye hoteli anatazama kutoka kibarazani. Hakuna anayepuliza filimbi.

Akifa mtoto, tunasema nini? Tunasema siku yake ilikuwa imefika. Tunasema ni mapenzi ya Mungu. Wengine, tena watu waliosoma, wananong'ona kwamba maji yale huchukua mtu wake kila mwaka, au kwamba kuna mkono wa mtu, na jirani fulani anaanza kutazamwa vibaya kwenye matanga. Ole wetu! Tumemchukua Mungu tukamfanya mlinzi wa bwawa, mlinzi asiyelipwa, ili likitokea lolote tumpe yeye lawama. Je, Mungu ndiye aliyezima pampu? Je, mchawi ndiye aliyekataa kununua boya? Mto Nzoia na mto Kipkarren imetuzikia watoto tangu enzi za babu zetu, na mito hiyo haikuchimbwa na mtu. Tunaweza kuililia na kuiogopa. Bwawa la hoteli limechimbwa na fundi tunayemjua, kwa pesa tunazozijua, na kila sentimita ya kina chake iliamuliwa na mtu. Maji hayo hayachukui watu. Watu huachiliwa humo.

Mnakumbuka habari za yule mtu aliyelala kando ya birika la Bethzatha, mgonjwa kwa miaka 38. Kilio chake kilikuwa kwamba hana mtu wa kumtia majini. Watoto wetu nao hawana mtu. Ila hawa tumekwisha kuwatia majini wenyewe, na anayekosekana ni wa kuwatoa.

Wala msidhani mtamsikia akiita. Anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Mdomo uko usawa wa maji, pumzi yote inatafutwa, hakuna ya kuitia mtu. Mikono inasukuma maji chini, kichwa kinarudi nyuma, na ndani ya dakika moja mtoto mdogo ametoweka chini ya maji yasiyoonyesha sakafu. Wazazi wako mezani, umbali wa hatua chache, wanapakua pilau. Na akiopolewa, tazameni tunachofanya: tunamshika miguu, tunamning'iniza kichwa chini, tunamkamua tumbo ili maji yatoke. Zile dakika chache ambazo ubongo unaweza kuvumilia bila hewa tunazimaliza kwa kumtikisa. Anayezama anakufa kwa kukosa hewa. Anachohitaji ni kupuliziwa pumzi na kukandamizwa kifua, pale pale kwenye saruji, bila kungoja bodaboda ya kumkimbiza Lumakanda. Ni hoteli gani kati ya hizi ambako kuna mfanyakazi mmoja aliyefunzwa hayo? Tunafunza wahudumu jinsi ya kukunja vitambaa vya mezani kwa umbo la ndege.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Shirika hilo limetaja dawa yake miaka mingi: ua wa kuwatenga watoto na maji, mahali salama pa kuwaweka wadogo, mafunzo ya kuogelea, na watu waliofundishwa kuokoa. Katika hayo yote, ni lipi lililo nje ya uwezo wa mtu aliyejenga hoteli ya ghorofa tatu? Huko Marekani mwaka 2002 mtoto wa miaka saba, mjukuu wa James Baker aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alinaswa na mvuto wa bomba la kutolea maji, akafa chini ya maji mamake akijitahidi kumvuta. Familia haikunyamaza. Mwaka 2007 ikapitishwa sheria yenye jina la mtoto huyo, inayolazimisha mabomba ya mabwawa ya umma yawe na vifuniko visivyoweza kumnasa mtu. Sisi tunasubiri azame mjukuu wa nani?

Na msiniambie kwamba hatuna mazoea ya kulilia watoto. Jumatatu ya tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana ngazini wakitoka darasani jioni, na zaidi ya 10 wakafa. Kaunti nzima iliinamisha kichwa. Tuliuliza habari za ngazi, upana wake, nani alikuwa zamu, nani alipaswa kusimama wapi. Maswali yale yalikuwa ya haki. Lakini mbona tuliyaacha pale pale shuleni? Mtoto yule yule, wa kaunti ile ile, akiingia kwenye geti la hoteli akiwa na taulo begani, maswali yetu yote hubaki nje.

Sasa niwataje mmoja mmoja, maana lawama ya wote hugeuka isiwe ya mtu yeyote.

Ninyi wenye hoteli, mlipewa imani ya wageni mkaiuza. Mwajua bei ya kuchimba bwawa na mliilipa bila kulalamika; bei ya kulitunza ndiyo mliyoona nzito. Ninyi walimu, mtaala wa umilisi uliingiza kuogelea katika masomo ya watoto wadogo, na ni jambo jema, hata kama shule zetu hazina mabwawa, kwa kuwa mtoto wa Chekalini anastahili kujua kuelea sawa na mtoto wa mtaa wa Karen kule Nairobi. Lakini mnajaza basi watoto sitini, mnawashusha hotelini, mnawakabidhi kwa maji, kisha mnakaa kivulini na simu mkononi. Hilo ndilo somo? Ninyi wachungaji, mnaalikwa kuomba siku ya ufunguzi, mnaweka mikono juu ya jengo, mnalibariki na bwawa lake. Makanisa mengine hulikodi kwa ubatizo. Sisi wa Kanisa la Marafiki (Quaker) hatubatizi kwa maji, na hilo lisitufanye tujione wasafi, kwa sababu makongamano ya vijana wetu nayo hufanyika huko huko. Je, mmoja wetu amewahi kumwambia mwenye hoteli, kabla ya kusema amina, kwamba atarudi siku kutakapokuwa na mwokoaji?

Ninyi wa serikali ya kaunti, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka mikononi mwenu afya, leseni na mahali pa burudani. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inawapa nguvu ya kumwamuru mtu aondoe kinachohatarisha afya ya watu. Afisa anafika, anakagua jikoni, anaomba vyeti vya afya vya wapishi, anaangalia vyoo, anakaribishwa chai. Bwawa liko pale pale, nyuma ya ukuta wa baa. Ni mara ngapi mmeomba kuona daftari la vipimo vya maji? Ni bwawa gani mmelifunga kwa kukosa mwokoaji, kabla ya mtu kufa? Baada ya mtu kufa mnajua kufunga. Mnakuja na mapolisi, mnafunga utepe, mnapiga picha, na mwezi haujaisha watoto wanaruka tena majini chini ya rangi ile ile nyekundu.

Na ninyi wazazi, yaani sisi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila anayenunua huduma haki ya kulindiwa afya na usalama wake. Haki hiyo tunaijua vizuri sana dukani. Unga ukiwa na wadudu tunaurudisha na kumkaripia mwenye duka mbele ya watu. Nyama ikiwa mbichi tunamwita meneja. Lakini maji tunayomtia mwanetu, yaingiayo kinywani na masikioni mwake, hatumuulizi mtu. Tunaona haya. Tunaogopa kuonekana washamba. Tunafumba macho kwa sababu wengine wote wamefumba, na kila mmoja anadhani kuwapo kwa mwenzake ndiyo ulinzi. Kisha tunachanga. Hapo ndipo uovu wetu unaponiumiza zaidi, kwa kuwa katika kuchanga sisi ni watu wa ajabu kwa wema: kwa jioni moja tunapata pesa za jeneza, za gari la kuchukua mwili, za hema, za viti, za chakula cha waombolezaji wa siku tatu. Kamati inaundwa, mweka hazina anachaguliwa, majina yanasomwa, na aliyetoa kidogo anaongeza. Moyo huo upo. Nguvu hiyo ipo. Pesa hizo zipo. Hakuna hata boya moja lililowahi kununuliwa kwa mchango wetu.

Tunajua kuzika. Kulinda tumekataa kujifunza.

Kwa hiyo msinisubiri nije na huruma kwa mwenye hoteli anayesema biashara ni ngumu. Asiyeweza kumlipa mwokoaji na alitoe maji bwawa lake, aligeuze bustani, apande maua. Hakuna aliyemlazimisha kuwa nalo. Anayetaka kulibakisha, na aweke ua wenye lango linalojifunga, aandike kina kwa namba kubwa pande zote, awashe pampu, apime maji na kutundika vipimo vya siku hiyo mahali kila mgeni atakapovisoma. Maji yakifikia hali ya kutoonyesha sakafu, afunge, hata kama ni tarehe 25 Desemba na uwanja umejaa magari. Ngurumo ikisikika, wote watoke. Pombe na kuogelea visikae ukingo mmoja.

Na likizo ya Agosti inapokaribia, shule huanza kugawa karatasi za ruhusa. Katika mkutano wa wazazi, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi au kutoa nauli, mwalimu mkuu aulizwe mbele ya wote: nani atakuwa majini na watoto wetu, amefunzwa wapi kuokoa, na jina lake ni nani? Akikosa jina, basi lisiondoke.